Tepu Iliyokatwa kwa Heshima

Kompyuta iliniuliza kama iondoe kelele. Nilikuwa nimeketi mezani nikihamisha kaseti moja, waya umetoka kwenye redio kaseti yangu ya zamani umeingia kwenye kompyuta, na mstari wa sauti unapanda na kushuka kwenye kioo. Kila baada ya muda ulichomoza mwiba mmoja mwembamba, na masikioni nikausikia: tik. Hiyo ndiyo kelele iliyotakiwa kuondolewa. Nikabonyeza hapana. Ikauliza tena, nikabonyeza hapana kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine ina masikio. Kila tik pale ni kiungo nilichokiunga kwa mikono yangu miaka ya sabini, na aliyesababisha viungo viwe vingi hivyo ni baba mkwe wangu, mtu ambaye wakati ule nilikuwa sijawahi kumwona uso.

Mimi ni mtu wa Iringa. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye chumba cha kurekodia cha misheni pale mjini. Mahubiri na kwaya zilikuja zimerekodiwa kwenye tepu za rili, zile za kuzunguka wazi juu ya mashine, na kazi yangu ilikuwa kuzihamishia kwenye kaseti, kwa sababu redio kaseti zilikuwa zimeanza kufika mpaka vijijini na wainjilisti walizitaka. Unaunganisha mashine mbili kwa waya, unavaa hedifoni, unatazama mshale wa sauti usiingie kwenye nyekundu, basi. Tepu ikikatika unaikata upya kwa wembe, mshazari, unaunga kwa utepe mweupe maalumu, unapitisha ukucha juu yake. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilijua kwaya gani ina mtu anayekohoa kabla ya ubeti wa tatu na mchungaji gani anavuta pumzi kama mbeba mizigo. Sikuwa na subira na watu, lakini na tepu nilikuwa nayo.

Kisha nikaolewa na mwalimu, Mnyakyusa, nikahamia Mbeya.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba hawapendani. Wanaheshimiana mpaka wanakimbiana. Kwetu baba mkwe unampigia magoti, unamsalimu kamwene, anaitika, yamekwisha, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Nyumba nyingi za Kikristo huko ukweni zilikuwa zimeshalegeza desturi hiyo, lakini niliyoingia mimi haikulegeza hata uzi. Shangazi wa mume wangu alinikalisha kitako akanifundisha. Ukimsikia anakuja, pita nyuma ya nyumba. Ukikosa pa kupita, chuchumaa, jifunike kanga, ngoja apite.

"Na kama nina sufuria ya moto mkononi?" nikamuuliza.

"Weka chini kwanza, ndiyo ujifunike," akasema, bila kucheka.

Mwanzoni ilinikera. Siku ya harusi niliona viatu vya baba mkwe tu, vyeusi, vimepakwa rangi vizuri, na baada ya hapo kila tulipopanda kwenda kwake, huko milimani njia ya Tukuyu, nilikuwa mtu wa kuchungulia na kukimbia. Nilihisi nimeolewa nikafichwa. Mpaka siku moja ya mvua nikiwa jikoni napika, nikamwona mtu kwa mbali, mgongo tu, anazunguka kupitia migombani kwenye tope, fimbo mkononi, koti limelowa chapachapa. Njia fupi ya kuingia ndani ilipita mbele ya jiko. Mzee alikuwa amechagua kulowa ili mimi nisiache moto wangu. Tangu siku ile hasira iliniisha, ikabaki hamu. Nilitaka anijue. Mtu anayekustahi kiasi hicho unatamani naye akujue japo kidogo.

Mama mkwe sikumkuta. Alifariki wakati binti yake wa mwisho hajaachishwa ziwa, na binti huyo sasa alikuwa wifi yangu, msichana mrefu, mcheshi, anayelima kuliko kaka zake wote. Yeye ndiye aliyekuwa akipitisha chakula kutoka kwangu kwenda kwa baba na maneno kutoka kwa baba kuja kwangu. Tulikuwa tumezoeana hasa. Siku moja tukimenya ndizi aliniambia jambo ambalo halikunitoka.

"Wifi, nikiuliza mama alikuwa anaongeaje, watu wote wananijibu vilevile: kama wewe. Sasa mimi mwenyewe sijisikii. Mtu anajisikiaje?"

Nikaendelea kumenya.

Alikuwa amechumbiwa na fundi wa matrekta huko chini Usangu, na harusi ilipangwa iwe baada ya kuvuna ulezi. Hapo ndipo baba mkwe alipomwita mume wangu, wakiwa wawili tu, akamfunulia jambo. Zamani alipokuwa migodini Kopabelti, Zambia ya sasa, alinunua mashine ndogo ya kurekodi, ya rili, inayotumia betri, ya kubeba begani kwa mkanda. Aliporudi nayo alirekodi tepu moja. Ndani yake mkewe anambembeleza mtoto kwa wimbo, na mtoto mwenyewe ndiye huyu anayeolewa. Mkewe alipokufa aliifungia tepu kwenye kopo la biskuti na hakuipiga tena, kwa sababu hakuweza. Sasa alitaka binti aondoke na sauti ya mama yake. Lakini mashine ilikuwa inakoroma, betri zilikuwa hazipatikani madukani, na huko binti aendako kulikuwa na redio kaseti. Je, kuna mtu anayeweza kuhamisha?

Mume wangu, Mungu ambariki, alivimba kichwa. Akamwambia baba yake kwamba mtu huyo yumo ndani ya ukoo. Akaeleza kazi yangu yote, mashine, waya, mshale, na alipofika kwenye hedifoni akapamba zaidi: mke wangu anavaa kitu masikioni, baba, anasikia hata mtu akimeza mate.

 Mzee akasema apewe muda kidogo aitayarishe.

Jumapili iliyofuata mume wangu aliniletea kopo. "Baba amesema usikilize bila wasiwasi wowote. Sauti yake yote ameitoa."

"Ameitoa vipi?"

"Kwa mkasi."

Niliketi. Halafu nikasema maneno ambayo mke wa mwalimu hatakiwi kuyajua, achilia mbali kuyasema. Mume wangu akajitetea kwa niaba ya baba yake: humo ndani mzee alikuwa akizungumza na mkewe, mambo ya mume na mke, na kusikika kwa mbali uani ni ajali, lakini mkamwana kukaa na sauti ya mkwe ndani ya masikio yake ni jambo lisilofikirika. Kwa hiyo alijifungia chumbani na betri zake za mwisho, akasikiliza kidogokidogo, kila aliposikia sauti yake akasimamisha mashine, akakata. Alipofika mwisho mashine ikafa kabisa.

Nilifungua kopo. Rili ilikuwa ndogo, ya kuenea kiganjani, na tepu imejaa plasta, zile za kubandika kwenye vidonda. Ilikuwa kama mguu wa mtoto mtundu. Kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona, na imefanywa kwa uangalifu mkubwa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia.

Nilipanda basi la Iringa. Kopo nilikaa nalo mapajani, sikukubali liende kwenye kerea juu ya basi wala karibu na injini, na pale Igawa wauza karanga walipong'ang'ania dirishani nikanunua kwa mkono mmoja. Basi lilipofika Ipogolo na kuanza kukipanda kile kilima cha kuingia mjini, nilijisikia mtu wa kwetu tena. Pale misheni kiti changu alikuwa amekirithi dada mmoja Mbena, mnene, mtani kupindukia.

"Kamwene, mke wa Mbeya," akasema. "Umekuja kutuletea ndizi au kazi?"

"Vyote viwili." Nikampa ndizi, akanipa mashine.

Tulianza kwa kubandua plasta, maana gundi yake ingeziba hedi yote, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Tukasafisha kwa spiriti, nikaunga upya kila palipokatwa, kwa wembe na utepe mweupe, kazi ya asubuhi nzima. Kisha nikavaa hedifoni, nikatayarisha kaseti tupu, nikaiachia tepu itembee.

Mwanamume akasema kwa Kinyakyusa, wazi kabisa, katikati ya kichwa changu: "Sema kitu. Sema, mashine inasikia."

Tik.

"Sogea karibu, haing'ati."

Tik. Akacheka. Tik. "Haya, imba basi." Tik. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, neno moja lisilo na mwanzo, kama mtu aliyeshikwa mdomo, ikakatika. Na yule mwanamume tena.

Nilizivua hedifoni kama zimeniunguza. Mwenzangu akauliza kuna nini. Nikazisogeza akasikiliza upande mmoja, akanitazama.

"Si ulisema amejikata?"

"Amemkata mama," nikasema.

Nilielewa palepale, kwa sababu kosa lile hata sisi tulilifanya tulipokuwa tunajifunza kazi. Mashine husoma sauti kwenye hedi, na kwenye zile mashine ndogo hedi imejificha chini ya kifuniko. Tepu inayoonekana ni ile iliyokwisha kupita, inayoelekea kwenye rili ya pili. Mzee alisikia sauti yake, akasimamisha, akakata pale alipoona tepu. Lakini pale alipoona palikuwa na maneno ya sekunde chache nyuma, na sekunde chache nyuma aliyekuwa akisema ni mkewe. Kila mkasi ulimkosa yeye ukampata mama. Mtu aliyetaka kuniondolea sauti yake alinitumia sauti yake karibu peke yake.

Nilirudi Mbeya na kopo lilelile. Shida yenyewe ilikuwa hii. Vile vipande vilivyokatwa ndivyo vyenye mama, na bila vipande hivyo wifi angeenda kwake mikono mitupu. Lakini kumwomba mzee vipande ni kumwambia kwamba nimemsikia, ananiambia "sogea karibu" masikioni. Kwa mtu aliyelowa mvua ili nisimwone, hiyo ingekuwa aibu ya kumlaza mgonjwa.

Mume wangu alijikuna kidevu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya siyo maji, ni tepu," nikamjibu. "Na tepu inazoleka. Kaniulizie tu vipande vilitupwa wapi."

"Nimuulize baba?"

"Sijasema baba."

Tulipanda wote wawili Jumamosi. Baba mkwe alikuwa nyumbani na wageni, kwa hiyo mimi nilikata nyuma ya nyumba kama kawaida, nikateremka shambani kumtafuta wifi. Nilisikia kabla sijaona. Ulikuwa mlio mwembamba, unaovuma na kukoma, kama nyuki waliokasirika mbali. Ulezi ulikuwa umeanza kuiva, na juu yake, kutoka mti hadi mti, kamba zilikuwa zimefungwa utepe wa kahawia unaong'aa na kutetemeka kwa upepo. Mwingine mrefu, mwingine wa kiganja. Wifi alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, amejaa fahari.

"Umeona, wifi? Nimeviokota kule jalalani, chini ya migomba. Ndege hawasogei. Vinavuma vyenyewe, mimi nakaa tu."

Ningeweza kutunga uongo. Nilishaandaa mmoja njiani, mzuri tu. Lakini ningemwambiaje avifungue asiharibu hata kimoja, bila kumwambia ni nini? Nikamweleza yote, tepu, wimbo, mkasi, kosa. Niliongea haraka kwa sababu niliogopa machozi yake.

Hakulia. Alitazama juu, akazungusha macho kwenye kamba zote polepole.

"Nimefukuzia ndege na mama yangu," akasema. Halafu akaketi chini palepale kwenye ulezi, akacheka mpaka akashika mbavu, nami nikacheka, na kati ya kucheka ndipo machozi yalipomtoka.

Tulivifungua vyote. Mafundo aliyokuwa ameyakaza mwenyewe aliyafungua kwa meno, moja moja, hakutaka nitumie kisu. Tulivilaza kwenye kanga, tukaikunja. Tulipokuwa tunapanda kurudi, ndege walikuwa wameshashuka kwenye ulezi kwa kundi, wanapiga kelele za sherehe.

"Waache wale," wifi akasema. Kwa mkulima kama yeye, hilo halikuwa neno dogo.

Safari ya pili ya Iringa nilikwenda na kanga ile imefungwa kifuani kama mtoto. Vipande vingine upepo ulikuwa umevivuta vikarefuka, vingine jua lilikuwa limevikunja, lakini tepu si kitu cha kufa haraka, na sauti ilikuwa bado imo. Tatizo lilikuwa mpangilio. Kipande kikitoka shambani hakisemi kilikuwa cha ngapi. Mama mkwe alisema "hapana", alisema "ngoja kwanza", aliimba nusu mstari. Kila kipande kingeweza kukaa mahali popote. Njia ya kujua ilikuwa moja tu. Kila neno lake lilikuwa jibu la mumewe. Ili nimpange mama, ilinibidi nimsikilize baba, na nimsikilize sana, mpaka nijue anakwenda wapi kabla hajafika.

Nilivaa hedifoni, nikasema kwa sauti, "Unisamehe, baba." Mwenzangu akacheka mpaka akamwaga chai.

Basi nilikaa naye. Nilisikiliza, nikasimamisha, nikakata, nikaunga, nikarudisha, nikasikiliza tena. Na mtu niliyemkuta mle hakuwa yule wa fimbo na koti lililolowa. Alikuwa kijana aliyerudi kutoka mbali na kitu kipya, anajitapa, anatania, hawezi kutulia. Anamwambia mkewe huko alikotoka mashine hizi zinawarekodi wakubwa tu. Mkewe anamwambia basi wewe ni mkubwa wa migomba. Anacheka. Anamwambia imba. Mkewe anasema nyamaza kwanza, mtoto analala. Ananyamaza kidogo sana, halafu anaanza tena, eti mashine haipendi ukimya, na mkewe, taratibu, bila hasira, anasema kwa mara nyingine, "Nyamaza, wewe," na hapo anaanza kuimba. Wimbo wenyewe ni mfupi. Katikati mume anaingia na yeye, anaukosea, mke anaendelea kana kwamba hajasikia, na mtoto anatoa mlio mmoja wa usingizi. Watu walisema kweli. Sauti ilikuwa ya wifi tupu.

Nilipomaliza kuunga, mwenzangu alisikiliza yote kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipovua hedifoni hakuwa na utani.

"Sasa mtoe mzee," akasema. "Kaseti ibebe wimbo peke yake. Yeye hatajua ulimsikia, na binti atapata alichotaka."

Lilikuwa shauri jema, na ningeweza. Kuhamisha ndiko kunakokupa nafasi hiyo. Unashusha sauti hapa, unasimamisha pale, kaseti inatoka imesafishwa na hakuna anayejua. Niliweka kidole kwenye kitufe. Nikajaribu kumwaza mama mkwe bila mumewe. Kingebaki nini? Mwanamke anayesema hapana, ngoja, nyamaza, kwa hewa. Hata wimbo wenyewe, kosa lake likiondolewa, unakatika katikati. Niliogopa, nakiri hivyo bila haya. Niliogopa kwamba nikiuacha ulivyo nitapoteza ile heshima ya kimyakimya ambayo mimi na mzee tulikuwa tumeijenga kwa kukwepana. Lakini mkasi ulikuwa umeshapita pale mara moja kwa ajili yangu. Sikutaka upite mara ya pili kwa mkono wangu.

Nikaihamisha yote. Sikugusa kitu.

Siku ya kuisikiliza tulikwenda na redio kaseti yetu. Baba mkwe alikaa sebuleni, mume wangu na wifi wakakaa naye. Mimi mahali pangu palikuwa jikoni, nyumba ya pili, lakini wifi alinishika mkono akaniingiza chumba cha ndani kwa mlango wa nyuma. "Hapa utasikia, baba nimemwambia," akasema. Kati yangu na sebule kulikuwa na mlango usio na ubao, pazia tu la kitambaa cha maua. Nikaketi chini kwenye mkeka, mgongo ukutani.

Mume wangu akabonyeza.

"Sema kitu. Sema, mashine inasikia."

Nilisikia kiti kikilia sebuleni. Mtu alikuwa ameshtuka au amenyanyuka, sikujua. Nilifumba macho nikangoja sauti ya mzee iseme zima. Haikuja. Kaseti iliendelea, tik, na mama mkwe akajibu, na wifi akavuta pumzi kama mtu aliyetumbukia kwenye maji ya baridi. Baada ya hapo hakuna aliyesogea. Walitaniana mle ndani, mtu na mkewe, migomba, wakubwa, nyamaza, na wimbo ukaimbwa, ukakosewa, ukaendelea, na mtoto akatoa mlio wake.

Wifi alitoka nje mbio. Nilimsikia uani, analia na kuuimba wimbo uleule kwa wakati mmoja, na sauti ilikuwa ileile, ile ya kwenye kaseti, ila sasa kubwa. Mume wangu akatoka kumfuata dada yake. Redio ikavuma tupu, kisha kitufe kikaruka chenyewe, tak.

Tulibaki wawili, mzee upande wake na mimi upande wangu. Sikuthubutu kukohoa. Nilijua amejua. Hakuna mtu anayeweza kuunga maneno yale bila kuyasikia, na aliyeunga alikuwa nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwake. Nilipanga kujiondoa kwa mlango wa nyuma, nipande basi, nisirudi mpaka yeye mwenyewe aniite kupitia kwa mtu, kama ataita. Niliona aibu yake yote kana kwamba ni yangu.

Kisha kitu kikakwaruza sakafu. Chini ya pazia iliingia kona ya redio kaseti, ikasukumwa polepole mpaka ikafika kwenye mkeka, na nyuma yake nikaona vidole vinne vya mtu mzima, vyenye makovu ya migodini, vikaiachia vikarudi.

"Mkamwana," akasema. Kinywa chake kilikuwa hakijawahi kuniita. "Irudishe nyuma kidogo. Pale anaponiambia ninyamaze."

"Ndiyo, baba," nikasema, nikairudisha.